Profesa, umetajwa mara ngapi?

Wadau, kuna ugonjwa umeingia vyuoni na sasa unahamia magazetini. Mtaalamu wa kompyuta akialikwa kuzungumza, kabla hujajua amegundua nini unasomewa hesabu: ana makala kadhaa wa kadhaa, ametajwa na watafiti wenzake mara elfu ngapi sijui, kipimo chake cha h ni 45. Ukumbi unapiga makofi. Kwa lipi hasa? Hata anayesoma wasifu huo kwa mbwembwe hajui.

Hicho kipimo cha h kilibuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Ukiwa na 45 maana yake una makala 45 ambazo kila moja imetajwa si chini ya mara 45. Basi. Hakisemi kama ulitajwa kwa kusifiwa, kwa kupingwa, au kwa kuwa wanafunzi wako wanakuogopa.

Nachukua fani ya uchimbaji wa data kwa makusudi, kwa sababu hawa ndio waliopaswa kuwa wa kwanza kulicheka jambo hili. Kazi yao ni kutafuta maana ndani ya lundo la taarifa. Mwaka 1994 Rakesh Agrawal na Ramakrishnan Srikant, wakiwa maabara ya IBM ya Almaden, California, walitoa njia iitwayo Apriori. Swali lao lilikuwa la dukani kabisa: anayenunua kitu hiki, hununua na kipi kingine? Ujanja wao ni kwamba kama vitu viwili havionekani pamoja mara za kutosha, usihangaike kutafuta kundi la vitu vitatu lenye hivyo viwili ndani yake. Kompyuta inaepushwa na kazi kubwa mno. Makala yao ni kati ya zilizotajwa zaidi katika fani nzima, na nasema wazi kwamba inastahili. Ni wazo unaloweza kumweleza muuza duka akaelewa.

Sasa twende kwenye duka la Mangi mtaani kwako. Sukari imo karibu katika kila mfuko unaotoka pale. Ukimwambia Mangi umegundua kwamba wanaonunua kibiriti hununua na sukari, atakuangalia tu, maana wanaonunua chochote hununua sukari. Wanafunzi wa uchimbaji wa data hufundishwa mapema kwamba kitu kuonekana mara nyingi hakutoshi. Halafu mwalimu aliyewafundisha anakwenda kwenye kamati ya kupandishwa cheo, anahesabiwa sukari!

Mfano mwingine ni WEKA, programu ya Chuo Kikuu cha Waikato kule New Zealand, yenye jina la ndege wa huko asiyeruka. Inatajwa kupita kiasi kwa sababu kila anayeitumia kuchambua data zake huandika kwamba ameitumia. Ni heshima yao, wamewasaidia wengi. Lakini kutajwa kwa namna hiyo ni risiti. Wazo jipya, kitabu cha kufundishia na risiti vyote vinaingia kapu moja, vinatoka namba moja.

Na namba yenyewe inachezewa. Mwaka 2010 Cyril Labbé, mtafiti wa kompyuta wa Grenoble, Ufaransa, alimuumba mwanasayansi asiyekuwepo akamwita Ike Antkare (litamke kwa Kiingereza taratibu, utacheka). Akatumia programu inayotunga makala za kisayansi zisizo na maana yoyote, akazitengeneza kama mia hivi, zikatajana zenyewe kwa zenyewe. Google Scholar ikazimeza. Bwana Antkare akapata kipimo cha h cha 94, akampita Einstein. Marehemu Einstein!

Hirsch mwenyewe aliandika mwaka 2020 kwamba kipimo chake kinaweza kushindwa vibaya na kuleta madhara ambayo hakuyakusudia. Aliyefua panga anasema lirudishwe alani, sisi ndio kwanza tunalinoa.

Maana huku kwetu kuna pesa sasa. Mwaka 2022 serikali ya Tanzania ilitangaza tuzo ya shilingi milioni 50 kwa watafiti watakaochapisha katika majarida ya kimataifa ya hadhi ya juu. Nia ni njema, siipingi. Ila angalia neno hilo, majarida. Katika kompyuta, kazi nyingi nzito hutolewa kwenye mikutano ya kitaaluma inayochuja makala kwa ukali. Ile makala ya Apriori ilitolewa kwenye mkutano wa VLDB mjini Santiago, Chile. Haikuwa kwenye jarida. Kwa sharti hilo likisomwa kama lilivyo, Agrawal na Srikant wangeambiwa wajaribu mwakani, na bingwa wa kutajana na marafiki zake angeondoka na hundi.

Wakubwa wa vyuo watasema hawana muda wa kusoma kazi za kila mwombaji. Sikubali. Mwombaji alete makala tatu anazojivunia, apewe mtu mmoja anayeijua fani na asiyekula naye chakula cha mchana, apewe na wiki mbili za kuzisoma. Hilo linashindikana wapi?