Alama za nyongeza zitolewe shambani

Leo naweka pembeni viwavi na mbolea. Nataka kusema na wanafunzi wa uhandisi wa umeme pamoja na walimu wao. Mkulima usiondoke, jambo hili linakuhusu.

Kiangazi kimoja vijana watatu walifika hapa Makurunge na kifaa cha kumwagilia. Ilikuwa ile kazi ya ziada wanayopewa ili kuongeza alama. Ndani ya kasha la plastiki mlikuwa na Arduino, yaani bodi yenye maikrokontrola, kompyuta ndogo iliyo kwenye chipu moja. Inapima unyevu kwa vyuma viwili vilivyochomekwa ardhini. Udongo ukikauka inawasha pampu, ukilowa inazima. Wakaifunga kwenye matuta ya nyanya ya mama mmoja, pampu ikaitika, picha zikapigwa, wakaondoka.

Mama akaacha kushika udongo kwa mkono kama tulivyofundishana. Si mashine ipo? Wiki ya tatu akaenda msibani siku nne. Kumbe vyuma vile vimeshaliwa na kutu, kifaa kinasoma "kavu" muda wote, pampu inamwaga usiku na mchana. Aliporudi alikuta nyanya zimesimama kwenye tope, majani yamenyauka, mizizi inaoza. Vijana walishapata alama zao zamani. Hasara ilibaki kwa mama.

Siwalaumu sana vijana. Walifanya walichoulizwa, na walichoulizwa kilikuwa kwamba kifaa kiwake siku ya kuonyesha. Lakini Arduino ilianzishwa mwaka 2005 kule Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu, ili hata asiye mtaalamu wa umeme aweze kuitumia. Sasa mhandisi mtarajiwa akipewa alama za ziada kwa kuiwasha tu, tunampima nini?

Shamba lingewafundisha mambo matatu ambayo meza ya maabara haiyaonyeshi haraka.

Kwanza, umeme ukipita muda wote kwenye vyuma vilivyo kwenye udongo wenye unyevu, vyuma vinaliwa. Peleka umeme pale tu unaposoma, kisha kata. Au tumia kile kipimo kilichofunikwa ambacho chuma chake hakigusani na udongo.

Pili, Arduino Uno inakupa namba kuanzia 0 hadi 1023. Namba hiyo peke yake haisemi kitu. Kichanga chetu cha huku pwani na mfinyanzi wa bonde la Ruvu havifanani kabisa. Soma kwenye udongo mkavu wa shamba lenyewe, mwagilia mpaka ushibe, subiri siku moja maji yachuje, soma tena. Hapo ndipo utajua uweke mpaka wapi.

Tatu, kipimo kitaharibika tu siku moja. Kwa hiyo programu iwe na kikomo: pampu isizidi dakika kadhaa kwa siku, hata kipimo kiseme nini. Mstari huo mmoja ungeokoa nyanya za yule mama.

Pendekezo langu ni hili. Alama za nyongeza zigawanywe mara mbili. Nusu itolewe kifaa kikifanya kazi darasani. Nusu nyingine isubiri kikae siku 21 mikononi mwa mkulima, bila fundi kukaa pembeni.

Najua mwalimu atasema muhula ni mfupi na nauli hakuna. Siku 21 ndizo yai la kuku linazotumia kuwa kifaranga, kwa hiyo mashine ya kutotolesha inaingia ndani ya muhula, na ikipitia kukatika kwa umeme mtaani ndiyo mtihani wenyewe. Mchicha nao huvunwa ndani ya wiki tatu hadi nne. Tuta moja liwe na kifaa, jingine limwagiliwe kwa mkono, tulinganishe kama tunavyofanya kwenye shamba darasa. Mwalimu si lazima asafiri. Mkulima na afisa ugani wa kata wanaweza kujaza karatasi moja: kimezimika mara ngapi, maji yametumika ndoo ngapi, mazao yamekuwaje. Na shamba la kujaribia si lazima liwe Makurunge, hata pembeni ya chuo wapo wanaolima mchicha.

Kwenu wakulima: vijana wakija, wapokeeni, lakini wapeni tuta moja, si shamba zima. Andikianeni kabla ya kuanza nani atabeba hasara. Na hata mashine iwe nzuri namna gani, asubuhi shika udongo, ufinyange. Ukishikamana na kuacha unyevu mkononi, maji bado yapo. Ukitofautiana na mashine, zima mashine kwanza, maswali baadaye.

Kijana ambaye kifaa chake kimemaliza siku 21 kwenye jua letu, vumbi na chumvi ya upepo wa bahari, mimi mwenyewe nitamsindikiza kwa wakulima wengine. Wapo watakaomnunulia.

Mwenye maoni tofauti karibu, hasa walimu.