Kabla Hatujasema ni Mapepo

Wazazi Wakristo wamezoea kuonywa kwamba katuni za Kijapani ni mlango wa mapepo. Onyo hili hutolewa mimbarini, hurudiwa katika vikundi vya akina mama, na mara nyingi anayelitoa hajatazama hata filamu moja kati ya hizo anazozikemea. Ameona picha ya jalada yenye kiumbe cha ajabu, ikamtosha. Napinga onyo hilo, hasa linapotupwa juu ya filamu za Studio Ghibli, na ninapinga kwa sababu za imani, wala si kwa kupenda burudani.

Tuelewane kwanza. Japani hutengeneza katuni nyingi sana, na zipo zilizojaa damu na uchi ambazo mtoto hapaswi kuziona. Anayezikataa hizo simpingi. Lakini kuzitia zote katika gunia moja ni uvivu, na uvivu haugeuki kuwa utakatifu kwa sababu umetangazwa kwa kipaza sauti.

Studio Ghibli ilianzishwa mwaka 1985, na waliokuwa nyuma yake ni waongozaji Hayao Miyazaki na Isao Takahata pamoja na mtayarishaji Toshio Suzuki. Jina lake ni la upepo wa joto wa Sahara, neno ambalo Waitalia walilichukua kwa Waarabu wa Libya wakaipa ndege yao ya upelelezi. Ni ndugu wa neno letu kibla. Basi katika jina hakuna pepo, kuna upepo tu.

Filamu yao inayojulikana kuliko zote ni Spirited Away ya mwaka 2001, kazi ya Miyazaki, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2003. Ndani yake msichana wa miaka 10, Chihiro, anajikuta katika nyumba kubwa ya kuogea ambayo wateja wake ni kami. Hapo ndipo ugomvi unapoanza, maana kila mtu hulitafsiri neno hilo apendavyo. Ukisema pepo, kesi imekwisha kabla ya ushahidi kusikilizwa. Kwa Wajapani, kami ni miungu na nguvu zinazoheshimiwa katika mito, milima na miti, wengine wapole, wengine wa kutisha. Mkristo hawaabudu hao, na asiwaabudu. Lakini Chihiro naye hawaabudu. Anawapigia deki sakafu na kuwasugulia mabafu.

Na filamu inamfundisha nini mtoto anayetazama? Wazazi wa Chihiro wanakuta chakula kingi kisicho na mwenyewe, wanakaa na kula, na baba anamtuliza binti yake kwamba ana kadi za benki na fedha taslimu. Wanageuka nguruwe. Kisha Yubaba, mchawi mwenye nyumba ile, anamsainisha Chihiro mkataba wa kazi na kumnyang'anya jina, anamwachia kipande tu, Sen. Msichana anaonywa kwamba akilisahau jina lake la kweli hatarudi nyumbani. Aliyesoma Danieli 1 ameshakutana na jambo hili. Vijana wa Yuda walipofikishwa Babeli, mkuu wa matowashi aliwapa majina mapya, na Danieli akaitwa Belteshaza. Mwalimu wa Shule ya Jumapili anaweza kutafuta mwezi mzima mfano ulio bora kuliko huu asiupate.

Halafu anakuja kiumbe asiye na uso. Anamwaga dhahabu kutoka viganjani mwake, na nyumba nzima inamwangukia: wanamwimbia, wanamletea sahani juu ya sahani, wanagombania vipande sakafuni. Naye anakula kila kinacholetwa, mwisho anawameza baadhi ya watumishi wenyewe. Chihiro peke yake, anapopewa dhahabu hiyo, anasema haihitaji. Baadaye dhahabu yote inageuka udongo. Mniwie radhi, lakini katika tukio hili mimi sioni Japani. Naona mikutano yetu, mtu ambaye hakuna anayejua alikotoka akiahidi magari na nyumba kwa watakaopanda mbegu, na watu wazima wenye akili timamu wakipanga foleni na bahasha mkononi. Juu ya huyo hatukutoa onyo. Wakati mwingine tulimpa mimbari.

Mahali pamoja niko nusu njia na wale ninaowapinga. Kiki's Delivery Service ya mwaka 1989 inamhusu msichana mchawi wa miaka 13 anayepanda ufagio na kusambaza vifurushi mjini. Kwa Mjapani huo ni mchezo, kofia na paka mweusi basi. Kwetu neno mchawi lina makaburi nyuma yake. Usukumani bibi vizee wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu ule ulitokana na moshi wa jikoni, miaka na miaka ya kuinamia mafiga wakiwapikia watoto na wajukuu. Kwa hiyo sitamwachia mtoto wa miaka mitano filamu ya Kiki peke yake, nikaenda zangu. Nitakaa naye, tutazungumza. Lakini hebu tazama jambo hili linatupeleka wapi. Waliowaua bibi zetu hawakuanza na panga. Walianza kwa kutazama sura na kutoa hukumu, na kila mmoja aliyekuwa na ujasiri wa kuuliza swali akaogopa kuonekana yuko upande wa wachawi. Mkristo wa nchi hii, kuliko Mkristo wa nchi nyingine yoyote, angepaswa kuwa mzito wa kupaza sauti kwa kilichoonekana kwa nje tu.

Na sura ndiyo hasa Princess Mononoke ya mwaka 1997 inayoizungumzia. Bibi Eboshi, mtawala wa mji wa wafua chuma, anakata msitu bila huruma na kuwapiga risasi miungu ya msituni. Ungesema huyu ndiye mwovu. Kumbe nyumbani kwake amewahifadhi wenye ukoma waliofukuzwa kwao, amewaosha vidonda kwa mikono yake, na mmoja wao, amelala amefungwa bendeji mwili mzima, anasema ni yeye tu aliyewaona kuwa binadamu. Na kazi aliyowapa ni kutengeneza bunduki. Huwezi kuitoa hukumu yako kirahisi. Miyazaki amesimulia kwamba alikuwa akienda Tama Zenshoen, kituo kilicho karibu na anakoishi, ambako watu wenye ukoma walitengwa na jamii kwa miongo mingi. Sheria ya Japani ya kuwatenga ilifutwa mwaka 1996 tu. Injili ya Marko, sura ya kwanza, inatuambia Yesu alinyosha mkono akamgusa mwenye ukoma. Ni filamu ngapi tunazoziita za Kikristo zimethubutu kusogea karibu hivyo?

Filamu hizi si Injili. Hazimjui Muumba aliye mmoja. Msamaha ndani yake hauna msalaba, na mungu wa msituni anapokufa hakuna anayetangaza kwamba amefufuka kwa ajili yetu. Mzazi anapaswa kumwambia mwanawe hayo waziwazi. Wala studio yenyewe si ya malaika. Inayokemea tamaa katika filamu inauza wanasesere wa Totoro bila haya. Lakini Paulo alipofika Athene, Matendo 17 inasema roho yake ilichukizwa na sanamu, na bado alizunguka akizitazama kwa makini, akaisoma madhabahu yao, akawajibu kwa maneno ya washairi wao. Uchungu haukumpa ruhusa ya kutotazama.

Nimeacha kwa makusudi Grave of the Fireflies, ya Takahata, iliyotolewa siku moja na My Neighbor Totoro mwaka 1988. Takahata alikuwa na miaka 9 mabomu yalipoteketeza mji wa Okayama mwaka 1945, na alinusurika. Filamu yake inawahusu watoto wawili wa Kobe, Seita na mdogo wake Setsuko, waliofiwa na mama katika mashambulizi kama yale. Shangazi anawapokea, kisha anaanza kuhesabu wali wanaokula. Daktari anamtazama Setsuko, anasema anahitaji chakula, anaita mgonjwa mwingine. Mtoto ananyonya gololi akidhani ni peremende. Seita naye anafia katika kituo cha treni cha Sannomiya, watu wakipita na kulalamika kwamba watoto kama hawa wanatia aibu.

Roho za watoto hao wawili zinaonekana katika filamu, zimekaa pamoja, kimya. Anayetaka kuipiga marufuku kwa sababu hiyo na atuambie kwanza, katika habari ile ya kituo cha treni, yeye alikuwa anapita upande gani.

Si filamu ya watoto wadogo. Hao waanze na Totoro. Lakini vijana wa kipaimara wanaweza kuitazama, mchungaji akiwa amekaa nao mpaka mwisho, na Mathayo 25 ikiwa imefunguliwa mezani.