Skonzi za bei nafuu kwa Mchina: mzazi amwambie nini mwanawe aliyeko Ifakara?

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Maswahaba zake.

Tumepokea swali la mama mmoja wa Pemba ambaye kijana wake yuko masomoni Ifakara, katika bonde la Kilombero, na amepanga chumba Katindiuka. Kijana amemwambia kwa simu kwamba asubuhi yeye na wenzake hununua skonzi na vijikeki kwa Mchina, kwa kuwa ni laini, zinashibisha, na bei yake ni nafuu. Mama ameingiwa na hofu. Jirani yake amemwambia kila kinachopikwa na Mchina kina nguruwe. Shemeji yake amemwambia asijisumbue, mkate ni mkate. Yeye anataka jawabu la dini, na anataka kujua amwambie nini mwanawe, kwani pesa anazompelekea ni kidogo na hawezi kumwambia ale pengine kwa bei ya juu.

Tunaona kauli ya jirani na kauli ya shemeji zote mbili zimepotoka. Mmoja ameharamisha bila ya dalili, na mwengine amehalalisha bila ya kuuliza. Uchina wa mwenye duka hauharamishi mkate, na unafuu wa bei hauuhalalishi. Hukumu inafuata kilichomo ndani ya unga na juu ya sinia. Hatutaji duka wala mtu. Jawabu hili ni la kila tanuri.

Mchina si mgeni wa jana Kilombero

Kwanza tujue kwa nini swali hili limekuja, na kwa nini litarudi. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, na inapita katika bonde hili la Kilombero. Wazee wa Mang'ula, Ifakara na Mlimba wamewaona Wachina kabla kijana wetu hajazaliwa. Daraja kubwa la Mto Kilombero lililofunguliwa mwaka 2018 nalo lilijengwa na kampuni ya Kichina. Mwaka 2025 yalitiwa saini makubaliano ya kuifufua TAZARA, yenye thamani ya dola bilioni 1.4 za Marekani, na kampuni ya Kichina ya CCECC ndiyo iliyopewa kazi hiyo. Penye kazi za reli huwa na mafundi, na penye mafundi huwa na anayewapikia. Chakula cha Kichina katika miji ya njia ya reli hakitapungua.

Sisi wa visiwani pia hatuna haja ya kujifanya hatuwajui. Madaktari wa Kichina wamekuwa wakija Zanzibar tangu 1964, na wangapi miongoni mwetu wametibiwa nao, Mnazi Mmoja na hata Mkoani.

Tena tusisahau kwamba Mchina anaweza kuwa Mwislamu. China ina Waislamu zaidi ya milioni 20, wakiwemo watu wa kabila la Hui ambao wanajulikana kwa maduka yao ya vyakula. Zheng He, amiri wa merikebu za China zilizofika pwani ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 15, alitokana na ukoo wa Kiislamu wa Hui. Chakula halali kwa Kichina huitwa qingzhen, na huandikwa 清真. Kijana akiyaona maandishi hayo dukani, ni alama nzuri. Lakini alama haitoshi peke yake. Amuulize mwenye duka na amjue.

Asli ya mkate ni halali

Wanavyuoni wametofautisha baina ya chakula kinachohitaji kuchinjwa na kisichohitaji. Unga, sukari, chumvi, hamira, maji na mafuta ya mimea havichinjwi. Asli yake ni halali, avipike Mwislamu au asiyekuwa Mwislamu, maadamu hakikuingia kilicho haramu au najisi. Imethibiti katika Sahihi mbili kwamba Mtume (swalla Allahu 'alayhi wasallam) na Maswahaba zake walitumia maji ya kiriba cha mwanamke mushrik walipokuwa safarini. Na imethibiti kwamba alipofariki dunia deraa yake ilikuwa rahani kwa Myahudi kwa ajili ya shayiri aliyoichukua kulisha ahli zake. Hivyo kununua chakula kwa asiyekuwa Mwislamu si aibu wala si dhambi.

Waliosoma Fat-hul Mu'in katika vyuo vyetu wanakumbuka mfano wa jibini ya Sham, ambayo ilivuma kwamba hugandishwa kwa kitu kitokacho kwa nguruwe. Vitabu vya madhehebu yetu ya Imam Shafi vinautaja mfano huo kuonesha kwamba uvumi peke yake hauondoi asli ya uhalali. Hili ndilo jawabu kwa jirani wa muulizaji. Kusema kwamba kila cha Mchina kina nguruwe ni kuharamisha kwa uvumi, na tena ni kumsingizia mtu asiyekuwepo kujitetea.

Mahali penye khatari ya kweli

Sasa tumjibu shemeji. Mkate si mkate mmoja, na mapishi ya Kichina yana mambo ambayo mtu wa pwani hayajui kwa kuyaona tu.

La kwanza ni mafuta. Katika mapishi ya asili ya Kichina, mafuta ya nguruwe hutumika kulainisha unga na kuufanya uwe na matabaka. Huenda yakawemo katika vijikeki vyenye ganda la kuvunjikavunjika, katika ganda la vikombe vya mayai, na katika keki za mwezi zinazopikwa kwa sikukuu yao. Hata mkate mweupe wa mvuke, uitwao mantou, ambao asli yake ni unga, maji na hamira tu, wapishi wengine huutia mafuta hayo kidogo ili ung'are. Hata hivyo, wapishi wengi siku hizi hutumia mafuta ya mimea au majarini, kwa sababu ni rahisi na yanapatikana kila duka. Ndiyo maana haifai kuhukumu kabla ya kuuliza.

La pili ni kilichojazwa ndani. Mkate wa mvuke wenye kujazwa huitwa baozi, na nyama yake mara nyingi ni ya nguruwe. Katika Kichina neno "nyama" likisemwa peke yake, bila kutajwa ya ng'ombe, ya kondoo au ya kuku, kwa kawaida hukusudiwa nguruwe. Kijana akiuliza "Hii ni nini?" akajibiwa "Nyama", hilo si jawabu la kumtuliza.

La tatu ni kilicho juu ya skonzi. Maduka ya Kichina hupenda kunyunyiza nyama iliyokaushwa na kuchambuliwa ikawa laini kama pamba, rangi ya kahawia ya dhahabu. Asiyejua atadhani ni nazi iliyokaangwa. Aghlabu ni nguruwe. Na zile skonzi zenye soseji katikati, hukumu yake ni hukumu ya nyama.

La nne ni mvinyo wa mchele, ambao hutiwa katika nyama na baadhi ya vijazo. Huo ni ulevi, na ulevi hautiwi katika chakula cha Mwislamu, uwe kidogo au mwingi.

Nyama si kama unga

Hapa pana kanuni ambayo kila mzazi amfundishe mwanawe. Asli ya unga ni halali mpaka ijulikane kilichouharibu. Asli ya nyama ni haramu mpaka ijulikane imechinjwa kisharia, na anayechinja awe Mwislamu au mtu wa Kitabu, kama ilivyokuja katika Suratul Maida. Kwa hivyo katika skonzi tupu, kijana haharamishi kwa shaka. Katika skonzi yenye nyama, hali kwa shaka. Hata akiambiwa ni kuku, swali linabaki: amechinjwa na nani? Ikiwa inajulikana nyama imenunuliwa kwa mchinjaji Mwislamu wa mjini pale, na haikuchanganywa na nyengine, hapana ubaya. Ikiwa haijulikani, aiache. Kuiacha skonzi ya nyama hakumtii njaa, maadamu zipo nyengine kando yake.

Sinia, kisu na makoleo

Wengi husahau vyombo. Ikiwa sinia moja huokea kijikeki chenye mafuta ya nguruwe kisha skonzi tupu, na makoleo ni hayo hayo, basi najisi ikiwa mbichi hupita kutoka huku kwenda kule. Abu Tha'laba (radhiya Allahu 'anhu) alimuuliza Mtume (swalla Allahu 'alayhi wasallam) kuhusu vyombo vya watu wa Kitabu, na alielekezwa kwamba wakipata vyengine wasilie humo, na wasipopata wavioshe kisha wavitumie. Katika madhehebu ya Imam Shafi, kilichoguswa na nguruwe kwa umajimaji huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Na Imam Nawawi, pamoja na kuieleza kauli hiyo, aliona kwa upande wa dalili kuosha mara moja kunatosha. Kwa mnunuzi, maana yake ni nyepesi: duka ambalo halina nguruwe kabisa ni tofauti na duka ambalo nguruwe yumo sinia moja na vyengine. Akijua kwa yakini kwamba vinachanganywa hivyo, aliache duka lote, hata skonzi zake tupu.

Sheria ya Julai 2025

Wasomaji wengine wataleta jambo la pili: je, Mchina huyo ana ruhusa ya kuuza skonzi? Tarehe 28 Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara alitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Miongoni mwake ni uuzaji wa jumla na rejareja, isipokuwa supamaketi na vituo maalumu vya jumla vya wazalishaji wa ndani, na pia kuendesha viwanda vidogo. Anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na anaweza kufutiwa kibali chake. Waliokuwa tayari na leseni waliachiwa mpaka leseni zao ziishe. Amri hii ni ya Bara. Zanzibar ina sheria yake ya leseni za biashara.

Kwa tunavyoisoma sisi, tanuri dogo la mtaani linaloendeshwa na mgeni ni vigumu kuliweka nje ya maneno hayo. Lakini anayehukumu ni mwenye mamlaka ya leseni, wala si kijana aliyekwenda kununua kifungua kinywa. Mnunuzi hakupewa kazi ya kukagua karatasi, na chakula chake hakiwi haramu kwa kutojua leseni ya muuzaji. Wala si ruhusa kwa yeyote kumtukana au kumvunjia mtu duka lake kwa jina la sheria. Aliyekuja nchini kwa kibali ana amani, na dhulma ni haramu hata kwa asiyekuwa Mwislamu.

Khatari iliyo kubwa zaidi inatuhusu wenyewe. Amri hiyo inamgusa pia raia anayemsaidia mgeni kuikwepa: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Tunajua ilivyo rahisi kijana asiye na kipato kuambiwa, "Tupe jina lako na kitambulisho chako tu, kila mwezi utapata kitu." Hiyo ni kutoa ushahidi wa uongo kwenye karatasi ya serikali, na pesa yake haina baraka. Mama anayemhofia mwanawe asile nguruwe, na amhofie pia asiuze jina lake.

Tunalomwambia muulizaji

Dada yetu, mpigie simu mwanao kwa upole. Usimwambie amekula haramu, kwani hujui, na aliyekula kwa kutojua hana dhambi. Mwambie aende wakati duka halina watu, aulize kwa adabu mambo matatu: mafuta gani yanatiwa katika unga, ipo nyama ya nguruwe au mafuta yake humu dukani, na masinia yanachanganywa? Akiambiwa ni mafuta ya mimea na nguruwe hayumo, ale skonzi tupu, ataje jina la Allah, wala asijitie wasiwasi. Akiambiwa yamo, aache, na awaambie wenzake Waislamu. Akiona muuzaji anababaika au hataki kujibu, basi hapo ndipo pa kukumbuka hadithi ya Nu'man bin Bashir kuhusu mambo yenye utata: mwenye kuyaepuka amejihifadhia dini yake na heshima yake.

Na usisahau kwamba kijana yuko katika bonde la mpunga. Vitumbua vya mchele vipo huko, na akina mama wanaovichoma alfajiri wanatafuta riziki kwa wanao kama wewe. Hatusemi hivyo kwa kumchukia Mchina, bali kwa sababu penye halali iliyo wazi na bei anayoiweza, moyo hutulia.

Mwisho tujiulize sisi wa visiwani. Boflo tunalonunua kila jioni, tumewahi kuuliza lina mafuta gani, na ile dawa ya kuumulia unga imetoka wapi? Hatuulizi, kwa kuwa muuzaji tunamjua jina. Swali analopelekewa Mchina wa Ifakara, apelekewe na mwenye tanuri wa mtaani kwetu, kwa adabu ile ile.

Wallahu a'lam. Tunamuomba Allah awahifadhi watoto wetu walio mbali, na awape riziki iliyo halali na nzuri.