Bwana Msa Aingie Darasani

Katika mijadala ya fasihi yetu liko neno linalosemwa kwa kubinua midomo: fasihi pendwa. Neno lenyewe halina kosa, maana kupendwa si aibu. Lakini vinywani mwa baadhi ya wahakiki limegeuzwa kuwa jaa la kutupia vitabu ambavyo wasomaji huvinunua kwa fedha zao wenyewe bila ya kusukumwa na mtihani. Riwaya za upelelezi ndizo zilizorundikwa kwa wingi jaani humo. Husemwa kuwa ni za kigeni, ni za kupotezea wakati, na kwamba hazimfunzi kijana lolote ila jinai. Katika miezi ya karibuni nimezisoma upya kadhaa, kwa furaha ambayo sioni haja ya kuiombea radhi, nami nadai kwamba hukumu hiyo imetolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa.

Tuitazame Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja, iliyoshinda mashindano ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960. Maiti ya Bwana Ali Bomani yakutwa mzimuni, mahali ambapo jina lake peke yake latosha kumfanya mtu ashushe sauti. Mwandishi angependa, angeiachia hofu hiyo imalize kazi: watu wa kale wameghadhibika, litolewe tambiko, basi. Badala yake amleta Bwana Msa na kiko chake. Bwana Msa hatoi hotuba juu ya ujinga wa watu, yeye huuliza. Nani alikuwa wapi? Wakati gani? Nani afaidika? Humsikiliza asemaye sana, na humtazama zaidi anyamazaye. Najum, rafiki yake, hukisia upesi na kukosea upesi, kama sisi tusomao. Mwishowe mwenye hatia ni binadamu, mwenye sababu za kibinadamu.

Ndugu walimu, katika nchi yetu jambo hili si mchezo wa kujipumbazia jioni. Usukumani, tangu miaka ya 1970, vikongwe wengi, hasa wanawake, wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Mtoto ameugua, ng'ombe amekufa, atafutwa wa kulaumiwa. Na macho mekundu ya bibi kizee, yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni kwa miaka mingi, huhesabiwa kuwa ushahidi. Ramli hutoa jina pasipo kuonyesha njia iliyolifikia jina hilo. Riwaya ya upelelezi hufanya kinyume chake: jina halikubaliwi mpaka njia ionekane, hatua kwa hatua, na msomaji ana haki ya kurudi nyuma akaihakiki. Sijui somo gani jingine katika mihtasari yetu linalomzoeza kijana tabia hiyo huku akilifurahia. Wala si bure kwamba Abdulla aliipa riwaya yake ya mwaka 1968 jina la Kisima cha Giningi. Giningi, katika masimulizi ya visiwani, ni makutano ya wachawi.

Ama hoja ya ugeni, kweli Bwana Msa ana undugu na Sherlock Holmes, aliyezuliwa na Arthur Conan Doyle mwaka 1887. Muhogo na mahindi navyo vilitoka Amerika, na hakuna mhakiki aliyesusa ugali kwa sababu hiyo. Holmes huchungua majivu ya tumbaku; Bwana Msa mara nyingi huchimbua nasaba: nani kazaliwa na nani, ndoa ipi ilifichwa, siri gani ya ukoo imezikwa ikafukuka. Na lugha yake! Ni Kiswahili cha Unguja kilichokolea, chenye vijembe vyake na heshima zake, ambacho mwanafunzi wa bara angekipata wapi kwa bei ya kitabu kimoja?

Sisemi kwamba kila kitabu chenye bastola jaladani kiingie shuleni. Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ya mwaka 1974, niliimaliza usiku mmoja. Ina uzalendo wa wazi, na Willy Gamba anahangaikia siri za wapigania uhuru wa kusini, wakati Kamati ya Ukombozi ilipokuwa na makao yake Dar es Salaam. Lakini humo ngumi hutangulia swali, na wanawake ni mapambo mno. Abdulla naye ana dosari zake. Sadfa ni nyingi, na wapo wanaomlaumu, si bila ya sababu, kwamba ulimwengu wake ni wa mabwana wenye mashamba, na wavuja jasho hupita nyuma ya pazia. Vema, hilo nalo lijadiliwe darasani, badala ya kutajwa kama kisingizio cha kukifungia kitabu nje.

Mwalimu atakayetaka kujaribu na asome pamoja na wanafunzi wake hadi pale Bwana Msa anapokaribia kueleza, kisha akifunge kitabu. Kila mmoja aandike: ni nani, na kwa ushahidi upi. Atakayeandika kuwa ni mizimu asikaripiwe. Aulizwe tu ushahidi wake uko ukurasa gani.