Barua ya wazi kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote: tuwekeeni hadharani hali ya kila mnara

Mtendaji Mkuu,
Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF),
Dodoma.

YAH: MINARA 758 MIPYA NA 304 YA KUONGEZEWA NGUVU

Ndugu Mtendaji Mkuu,

Mwezi Mei 2023, mjini Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, Mfuko wako ulitia saini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Tigo ilichukua 262, Vodacom 190, Airtel 168, TTCL 104 na Halotel 34. Ruzuku ilitajwa kuwa shilingi bilioni 126, chini ya mradi wa Tanzania ya Kidijitali unaotegemea mkopo wa Benki ya Dunia. Wakati huohuo ilitangazwa kwamba minara mingine 304, iliyokuwa ikitoa 2G peke yake, itaongezewa nguvu ili itoe 3G na 4G.

Nakuandikia kuomba jambo moja. Weka hadharani orodha ya minara hiyo yote, mmoja mmoja, kata kwa kata na kijiji kwa kijiji, ikionyesha kila mnara umefikia hatua gani, na isasishwe kila mwezi.

Sikanushi kazi iliyofanyika. Minara mingi imesimama tangu siku ile, na zipo kata ambako mtu aliyezoea kutembea hadi mlimani ili apige simu, leo anapiga akiwa jikoni kwake. Hilo ni jambo kubwa na wanaolifanikisha wanastahili shukrani. Lakini taarifa inayotufikia wananchi, bungeni, kwenye redio na kwenye ziara za viongozi, karibu kila mara huwa ni ya jumla: minara kadhaa kati ya 758 imekamilika, utekelezaji umefikia asilimia fulani. Mtu anayeishi kwenye kata isiyo na mtandao hawezi kuifanyia lolote taarifa ya namna hiyo. Hajui kata yake imo ndani ya asilimia iliyokamilika au ndani ya ile iliyobaki. Akimwuliza mtendaji wa kata, mtendaji naye hajui. Diwani anajibu kwamba suala liko wizarani. Na kampuni, ukipiga namba ya huduma kwa wateja, itakuambia eneo lako linafanyiwa kazi.

Kinachonisumbua zaidi ni neno "umekamilika". Mnara wa simu una hatua nyingi kati ya chuma kusimama na mtu kupata huduma, na kila hatua ina namna yake ya kukwama. Mwaka jana nilisimama kwenye uzio wa mnara mmoja mkoani Lindi, wa kampuni ambayo sitaitaja. Nguzo ilikuwa imesimama, imepakwa rangi nyekundu na nyeupe, na antena ndefu bapa zilikuwa zimefungwa juu pande tatu. Chini palikuwa na zege safi, kabati la betri lililofungwa kufuli, na safu ya paneli za sola. Ukiutazama kutoka barabarani ungesema kazi imeisha. Nikatazama juu tena kutafuta lile dishi la mviringo linalounganisha mnara na mnara mwenzake, ambalo ndilo hupeleka mawasiliano mpaka kwenye mkongo. Halikuwepo. Mlinzi aliniambia mafundi walisema watarudi. Mama mmoja anayeuza vocha na kutoa huduma za fedha kwa simu hatua chache kutoka pale alikuwa bado anampeleka kijana kwa pikipiki hadi kijiji cha pili ili akamilishe miamala ya wateja wake.

Je, mnara ule umehesabiwa kuwa umekamilika? Sijui, na wanakijiji wale hawajui. Orodha ninayoiomba ingejibu swali hilo kwa mstari mmoja.

Hata ukiwaka, maswali hayaishi. Mnara unaotegemea sola na betri unaweza kutoa huduma mchana na kuzimika usiku wa manane betri zikichoka, na usiku ndio wakati mjamzito anapopigiwa gari. Mnara unaoshiriki njia moja nyembamba na minara mingine minne au mitano iliyopangana kuelekea mjini utaonyesha 4G kwenye simu, lakini jioni watu wote wakiingia mtandaoni, inasoma tu na haifungui kitu. Mteja anajilaumu kwamba simu yake ni mbovu, ananunua bando jingine, nalo linaisha muda kabla hajapakua hata fomu moja. Kwa mtu anayepata shilingi zake kwa vibarua, hasara hiyo si ndogo.

Naomba uiangalie kwa makini zaidi ile minara 304, kwa sababu ndiyo iliyo rahisi zaidi kusahaulika. Mnara mpya huonekana. Watu huona lori la nondo, huona shimo likichimbwa, vijana hupata vibarua vya kubeba mchanga na kokoto, na usipokamilika kijiji kizima hushuhudia. Mnara wa kuongezewa nguvu ni uleule uliokuwepo miaka yote. Fundi anaweza kupanda siku moja, akafunga mitambo mipya ya redio, akaondoka, na anayejua tofauti ni yule mwenye simu inayoweza kuionyesha. Vilevile fundi anaweza asije kabisa na mnara ukabaki kama ulivyo, bila kijiji kujua kwamba kilikuwa kwenye mpango. Ni vigumu mtu kudai kitu ambacho hakuambiwa kwamba ni chake.

Na tofauti yenyewe ni kubwa mno. Kwenye 2G mtu anapiga simu, anatuma ujumbe mfupi, anatuma na kupokea pesa kwa menyu ya nyota na reli. Kwa huduma hizo mnara wa 2G ni mkombozi na sitaki kuudharau. Lakini Serikali yenyewe imeshahamia kwingine. Mkulima wa mbolea ya ruzuku anasajiliwa kidijitali, na muuzaji anatakiwa kuingia kwenye mfumo kabla hajatoa mfuko. Zahanati inatakiwa kutuma taarifa zake kwa mfumo. Mwalimu, ofisa ugani na mtendaji wote wana kitu cha kupakia mtandaoni kila wiki. Mtu aliyebaki kwenye 2G katika nchi iliyohamishia huduma zake kwenye intaneti ameachwa nyuma na Serikali, si na kampuni ya simu peke yake. Ndiyo maana naona kila mnara kati ya ile 304 una uzito sawa na mnara mpya.

Ndugu Mtendaji Mkuu, wananchi tunaweza kusaidia kuhakiki, na tayari wapo wanaofanya hivyo kwa kujitolea. Kwenye simu nyingi za Samsung ukibonyeza *#0011# unafunguka ukurasa unaoonyesha simu imeshika mtambo gani, ni 2G au 4G, kwenye masafa yapi, na namba ya utambulisho ya nchi, ambayo kwa Tanzania ni 640. Mwanafunzi wa chuo aliyerudi kijijini likizo anaweza kusoma hapo kama mnara wa kijiji chao sasa unatoa 4G kwenye masafa ya chini kama 700 MHz, yanayofika mbali na kupenya kuta, au kama bado ni ileile alama ya E ya 2G ya siku zote. Anachokosa ni kitu cha kulinganisha nacho. Akiwa na mstari wenu unaosema mnara wa kijiji chake uliongezewa nguvu mwezi fulani, ataweza kusema ndiyo, ni kweli, au hapana, njooni muangalie.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, hutoa takwimu zake kila robo mwaka, na hutenganisha asilimia ya watu waliofikiwa na mtandao na asilimia ya eneo la nchi lililofikiwa. Ni utaratibu mzuri, kwa sababu namba hizo mbili haziwezi kulingana katika nchi ambayo watu wake wamesongamana mijini na kuachana mbalimbali vijijini. Mchungaji wa Simanjiro na mvuvi wa kisiwani Ziwa Victoria wanaishi ndani ya ile tofauti. Takwimu hizo, hata hivyo, zinatupa picha ya nchi kwa mbali. Mikataba yenu ndiyo inayotaja kata kwa majina, na kampuni zilipoomba kazi ziliomba kwa kata. Orodha ipo tangu siku ya zabuni. Kilichobaki ni kuiongezea hali ya utekelezaji na kuiacha wazi.

Yaliyotokea Marekani yanafaa kuangaliwa hapa. Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ilikuwa na mpango wa ruzuku ya hadi dola bilioni 4.53 kwa miaka 10 ili kufikisha 4G vijijini, na maeneo ya kupewa ruzuku yalitegemea ramani zilizowasilishwa na kampuni zenyewe. Watu wa vijijini wakalalamika kwamba ramani zinawaonyesha wana mtandao wasiouona. Tume ikawatuma watumishi wake barabarani katika majimbo 12, wakipima kwa umbali wa karibu maili 10,000. Ripoti yao ya Desemba 2019 ilisema kwamba katika vipimo vilivyofanywa gari likitembea, asilimia 62.3 tu ndivyo vilivyofikia kasi ya chini iliyoonyeshwa na ramani. Kampuni zilizochunguzwa zilikuwa Verizon, T-Mobile na U.S. Cellular. Mpango ule ukaachwa. Machi 2020 ikapitishwa sheria mpya ya takwimu za intaneti, na Novemba 2022 ikatoka ramani mpya ambayo mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuipinga kwa kuwasilisha vipimo vyake. Kama taasisi yenye fedha na wataalamu kiasi kile ilidanganywa na ramani za kampuni, basi nasi tuna sababu ya kutotegemea taarifa za kampuni pekee kabla ya kulipa ruzuku.

Najua utaambiwa kuna sababu za kutotoa orodha. Ya kwanza ni siri za biashara. Lakini minara hii inajengwa kwa ruzuku ya umma katika maeneo ambayo kampuni zenyewe ziliona hayana faida ya kutosha, na kata zilitangazwa kwenye zabuni. Siombi bei ya mitambo wala idadi ya wateja. Ya pili ni usalama, na hii ina ukweli ndani yake: betri na dizeli huibwa minarani, na mnara mmoja ukihujumiwa vijiji kadhaa hunyamaza. Hata hivyo mwizi hahitaji orodha ili kuuona mnara unaozidi miti yote kwa urefu. Jina la kijiji linatosha. Si lazima muandike nukta ya ramani. Ya tatu ni kwamba orodha itazua lawama. Ni kweli itazua. Lakini lawama hizo zipo hata sasa, ila zinapelekwa kwa mtendaji wa kata asiye na jibu.

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa jamii, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaweka siku 30 za kujibu maombi. Ningeweza kuandika ombi la mnara mmoja chini ya sheria hiyo, na mwananchi mwingine akaandika la mnara wake, mpaka ofisi yako ijae barua. Ni afadhali kwa pande zote jambo hili lifanyike mara moja.

Kwa kila mnara, andikeni mkoa, wilaya, kata na kijiji, kampuni iliyopewa kazi na inayouendesha sasa (maana Tigo imekuwa Yas tangu Novemba 2024 na wajibu wa minara yake 262 haukubadilika na jina), kama ni mpya au ni wa kuongezewa nguvu, tarehe ya kukamilika kwa mujibu wa mkataba, tarehe nguzo iliposimama, tarehe ulipowashwa, kama unatoa 2G, 3G au 4G, chanzo cha umeme, na tarehe ambayo mkaguzi wenu au wa TCRA alifika na kupima. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitaka kuliko zote. Kama mkaguzi hajafika, nafasi iachwe tupu, watu waione tupu.

Wekeni pia namba moja ya ujumbe mfupi, ya bure, ambayo mtu mwenye simu ya kitochi anaweza kutuma jina la kijiji na neno moja: hauwaki. Asilazimishwe kujaza fomu mtandaoni, kwa sababu anayelalamika ni yule asiye na mtandao. Na orodha yenyewe ichapishwe na kubandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata zinazohusika, ambako orodha za walengwa wa TASAF na matokeo ya mitihani hubandikwa, watu wakazisoma kwa vidole.

Kama kazi yote haiwezekani kwa mkupuo, anzeni na ile minara 304, kwa mkoa wowote mtakaouchagua. Nitaipokea orodha hiyo, nitaigawa kwa walimu na vijana walio tayari kupima, na majibu yao nitayaleta ofisini kwako yakiwa na tarehe, saa na jina la kijiji.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwandishi, mtumiaji wa huduma za simu.

Nakala: Mkurugenzi Mkuu, TCRA, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.