Meli ya Mary Rose: Meno ya mabaharia yanavyoumbua hadithi ya 'Uingereza ya weupe watupu'

Kila mjadala wa wahamiaji unapopamba moto Uingereza, kuna hoja moja haikosekani: eti zamani nchi ile ilikuwa ya weupe watupu, weusi wamekuja juzijuzi tu. Meno ya mabaharia waliozama mwaka 1545 yanasema vingine.

Meli yao ni Mary Rose, manowari ya Mfalme Henry VIII. Ilizama Julai 19 karibu na Portsmouth, kusini mwa Uingereza, ikipambana na Wafaransa. Inakadiriwa ilibeba watu wapatao 500, na walionusurika hawakufika hata 40. Tope la bahari lilihifadhi karibu nusu ya meli hadi ilipoinuliwa mwaka 1982. Mifupa ya watu wasiopungua 179 imepatikana.

Jino linajuaje ulikokulia?

Mwaka 2021, watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Cardiff walichapisha matokeo ya vipimo vya meno ya mabaharia 8.

Kanuni yenyewe si ngumu. Meno ya ukubwani hujengeka ukiwa bado mtoto, na gamba lake gumu la nje likishakamilika halibadiliki tena. Maji uliyokunywa na chakula ulichokula huacha alama humo. Oksijeni hudokeza hali ya hewa ya mahali, na madini ya strontiamu hudokeza aina ya miamba.

Matokeo? Watatu huenda walikulia kwenye joto zaidi, mfano kusini mwa Ulaya au Afrika Kaskazini. Watano inaelekea walilelewa Uingereza, upande wa magharibi.

Sasa shughuli iko hapa. Mmoja wa hao watano, aliyepewa jina la Henry, ana fuvu ambalo umbo lake linaashiria huenda alikuwa na asili ya Afrika. Yaani ukoo wa Afrika, utoto wa Uingereza. Jino halijui rangi ya ngozi, na fuvu halisemi ulicheza wapi utotoni. Ndiyo maana vipimo vyote viwili vinahitajika.

Si mifupa peke yake

Nyaraka nazo zipo. Baada ya meli kuzama, mzamiaji kutoka Afrika Magharibi, Jacques Francis, alikuwa kwenye kikosi cha kuopoa mizinga yake. Mwaka 1548 alitoa ushahidi katika mahakama ya masuala ya bahari jijini London. Upande wa pili ulipinga, ukidai ni mtumwa na neno lake lisihesabiwe. Hata hivyo ushahidi wake ulichukuliwa, na maandishi yake yapo hadi leo.

Tusivuke mpaka

Lakini watu 8 kati ya 179 ni wachache. Huwezi kuchukua hao watatu ukatangaza kwamba zaidi ya theluthi ya mabaharia wa mfalme walikuwa wageni. Hata kwa Henry, wanasayansi wanasema "huenda".

Ila hata hiyo "huenda" inatosha kumweka pabaya anayepiga kelele za "rudini kwenu". Kama Henry alilelewa Uingereza na akafa akiitetea, kwao ni wapi?