MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI

Ndugu wanachama,

Katika pwani ya Kenya sisi wa Kwale tu miongoni mwa watu waliopimwa sana. Tangu miaka ya 1980 watoto wa shule za Msambweni wametoa mkojo katika vikopo ili mabingwa wachunguze kichocho. Watu wazima wameamshwa usiku watoe damu kwa ajili ya matende. Kati ya 2015 na 2017 kaunti yetu iligawanywa mafungu 120, ijulikane ni njia gani ya kugawa dawa inayoshinda minyoo ya safura. Mwaka 2023 wakaja wa malaria na vidonge vya ivermectin, wapate kujua kama mbu akimwuma mtu aliyemeza dawa hiyo atakufa. Gazi wako watu wa utafiti wa samaki na mikoko, na Matuga kuna kituo cha utafiti wa kilimo.

Chama hakisemi kwamba kazi hizi ni mbaya. Kazi ya safura ilionyesha kwamba nyumba zote zikipewa dawa mara mbili kwa mwaka, wenye minyoo hupungua kutoka watu kama 20 katika kila 100 hadi 6. Kazi ya ivermectin, iliyotangazwa 2025, ilionyesha kwamba watoto wa vijiji vilivyopewa dawa hiyo walipata malaria mpya kwa upungufu wa 26 katika kila 100, zaidi ya kinga ya chandarua. Hayo ni mambo ya heshima, na dunia nzima imejifunza kutoka Kwale.

Lakini nani aliyeifanya kazi hiyo? Profesa aliandika, ndiyo. Aliyetembea juani toka Kinango hata Lunga Lunga na mfuko begani ni mfanyakazi. Aliyeendesha gari ni mfanyakazi. Aliyeosha vichupa ni mfanyakazi. Aliyemtuliza mama mwenye hofu, kwa Kidigo na kwa Kiduruma, mpaka akakubali mtoto achomwe sindano, ni mfanyakazi. Na wengi wa hao ni vibarua wa mapatano ya miezi michache. Mradi ukifungwa, nao hufungiwa mlango.

Sasa mwulize yeyote kati yao maswali matatu. Mradi ulikuwa na pesa ngapi? Katika hizo, ngapi ziliandikwa kuwa mishahara ya watu wa vijijini na ngapi posho za wakubwa? Nani aliyekagua? Atakutazama tu. Amefanya kazi miaka miwili ndani ya nyumba asiyojua mlango wa dukani uko wapi.

Wahenga walisema, MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI. Hatusemi kwamba mali imepotea. Twasema daftari lipo, na sisi tuna haki ya kulisoma.

SHERIA INASEMA NINI

Katiba ya 2010, kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mwaka 2016 Bunge likatunga sheria ya kuitimiza haki hiyo, Sheria ya Kupata Habari. Wengi wetu hatujaisoma, na wako mabwana wa ofisi wanaofurahi kwamba hatujaisoma. Basi tusome pamoja.

Barua yaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika aende aseme kwa mdomo, na karani ni lazima aandike. Huna haja ya kueleza sababu ya kuuliza, wala ofisi haina ruhusa ya kukunyima kwa kuwa haikupendi au yakudhania nia mbaya. Kupeleka barua hakulipiwi. Utalipia nakala tu, na isizidi gharama yake halisi. Ofisi sharti ijibu katika siku 21. Ikiwa jambo lenyewe ni la uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Ikiwa habari iko ofisi nyingine, sharti waipeleke barua huko katika siku 5, wasikutume wewe uzunguke kama mpira. Siku zikipita kimya, sheria yahesabu kwamba umenyimwa, nawe una siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile iitwayo Ombudsman. Ofisi yake iko Mombasa. Ni kuvuka Likoni tu.

Na yako mambo ya kuulizwa! KEMRI ni shirika la serikali. KMFRI ya samaki ni ya serikali. KALRO ya kilimo ni ya serikali. Mtu yeyote afanyaye utafiti Kenya hupewa leseni na tume ya serikali, NACOSTI, na kazi ikiisha hutakiwa kupeleka huko nakala ya taarifa yake. Basi nakala ipo kabatini. Kabati ni la umma. Kwa nini taarifa juu ya damu ya Msambweni isomwe Nairobi na London, isisomwe Msambweni?

MAJIBU YA WAKUBWA, NA MAJIBU YETU

Wa kwanza husema, "Haya ni mambo ya wataalamu, hamtayafahamu." Sisi twauliza: hesabu ya mshahara yataka udaktari gani? Mtu wa Ukunda anayejua bei ya unga ya jana na ya leo aweza kusoma safu mbili za karatasi, pesa iliyoingia na pesa iliyotoka. Na kama wataka ushahidi, nenda Gazi. Tangu 2013 watu wa Gazi na Makongeni wanauza hewa safi inayohifadhiwa na mikoko yao, katika mradi wa Mikoko Pamoja. Biashara hiyo ilizaliwa katika utafiti, na hesabu zake ni ngumu kwelikweli. Lakini wanakijiji hukaa mkutanoni wakaamua pesa iende kwenye maji au shule. Mwaka 2017 mradi ulipata tuzo ya Umoja wa Mataifa iitwayo Equator. Wavuvi wale walifahamu vizuri sana, kwa sababu walionyeshwa.

Wa pili husema, "Pesa hizi ni za wafadhili wa ng'ambo, si za serikali." Vyema. Lakini jengo ni la nani? Mishahara ya maofisa wa kudumu hulipwa na nani? Jina la shirika lililoandikwa ubavuni mwa gari ni la nani? Sheria ya 2016 haikuishia kwa ofisi za serikali. Yashika hata chombo cha binafsi kinachopokea mali ya umma au kufanya kazi ya umma. Na mfadhili mwenyewe, kwao, hudai hesabu mpaka senti ya mwisho. Basi hesabu imekwisha kuandikwa. Kinachokataliwa ni kutuonyesha sisi.

Wa tatu husema, "Kuna siri za wagonjwa." Hapo twakubaliana naye kabisa. Jina la mwenye busha libaki siri, na sheria yailinda siri hiyo. Lakini bajeti haina busha. Tukiuliza posho, asitujibu kwa ugonjwa wa jirani yetu.

Wa nne husema, "Mkiuliza sana watafiti watakimbia, nanyi mtakosa kazi." Hili ndilo linalotisha watu, basi tulitazame vizuri. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Katika nchi yetu wafanyakazi wengi wa afya walirudishwa nyumbani kwa siku chache. Je, walifukuzwa kwa sababu waliuliza sana? Hawakuuliza kitu! Walikuwa kimya, watiifu, na kazi ikaondoka kwa amri ya mtu mmoja aliyekaa Washington. Unyamavu haukumlinda mfanyakazi hata mmoja.

KIDONDA CHENYEWE

Hapa ndipo twafika kwenye kidonda. Mwaka 2013 Bunge lilitunga Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi. Ndani yake iliandikwa kwamba Hazina ya Taifa ya Utafiti ipewe kila mwaka pesa za serikali zinazolingana na 2 katika kila 100 za pato la taifa. Iliandikwa kwa wino, ikatiwa sahihi. Pesa hizo hazijafika kiwango hicho hata mwaka mmoja.

Ndugu, fikirini maana yake. Serikali isipotia pesa yake, shirika la utafiti laenda kubisha milango ya wageni. Mgeni akitoa, ndiye achaguaye swali la kuulizwa, na ndiye akataye siku ya kufunga. Mfanyakazi wa Kwale hawezi kupewa kazi ya kudumu, kwa kuwa mwajiri wake mwenyewe hajui kama mwakani atakuwa na shilingi. Ukibarua wetu ulianzia pale Hazina, kabla haujafika Msambweni. Tukimgombeza msimamizi wa mradi peke yake, tunapiga kivuli.

Kwa hiyo hatuulizi ili kumvizia mtu. Twauliza ili ijulikane ni kiasi gani kiliombwa, kiasi gani kilitolewa, na nini kilikatwa katikati. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua mashirika haya na kupeleka taarifa Bungeni, nasi twashukuru. Lakini taarifa yake husema habari za shirika zima. Haitakuambia kibarua wa Lunga Lunga aliandikiwa nini katika bajeti na alipewa nini mkononi. Hilo lataka mtu wa Lunga Lunga aulize.

MOMBASA WALIULIZA

Wako wenzetu wanaosema, "Barua haifai kitu, wakubwa huitupa." Watazame ng'ambo ya kivuko. Mwisho wa 2019 watu wa Okoa Mombasa, waliochoshwa na amri ya kupeleka mizigo kwa reli huku malori na kazi vikifa, waliiandikia serikali waonyeshwe mikataba ya reli ya SGR. Wakanyamaziwa. Wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa. Mwezi wa Mei 2022 Jaji John Mativo akaamua kwamba serikali imevunja haki yao kwa kuwanyima. Novemba ya mwaka huo waziri wa uchukuzi akaweka hadharani sehemu ya mikataba hiyo. Ilichukua karibu miaka mitatu, na haikutoka yote. Lakini ikumbukwe kwamba mkataba ule ulikuwa baina ya serikali na benki ya Uchina, mambo ya mabilioni. Ikiwa huo ulifunguliwa, bajeti ya vikopo vya mkojo ina kufuli gani?

ATAKAYEULIZA NI NANI

Sasa sikilizeni jambo kubwa la barua hii.

Twajua kwa nini mtu wa mradi hathubutu kuandika. Mapatano yake ni ya miezi mitatu. Akitia jina lake leo, kesho ataambiwa, "Nafasi zimejaa." Hatumlaumu. Ana watoto.

Lakini sheria haiulizi wewe ni nani, wala una kazi gani, wala wataka habari kwa nini. Yatosha kuwa raia. Basi mpishi wa hoteli ya Diani aandike kwa ajili ya mpima damu wa Msambweni! Dereva wa Ukunda aandike kwa ajili ya baharia wa Gazi! Mkata miwa aandike kwa ajili ya kibarua wa Matuga! Bwana wa mradi hawezi kumfukuza mpishi wa Diani, kwa sababu hakumwajiri. Hiyo ndiyo maana ya chama. Asiyeweza kusema, asemewe na yule asiyeweza kuguswa. Na siku mpishi naye atakapohitaji kusemewa mbele ya wenye hoteli, atajua ndugu zake wako wapi.

Kila tawi lifanye haya:

1. Lichague mradi mmoja uliofanyika katika eneo lake, na mwanachama mmoja raia asiyefanya kazi katika mradi huo.

2. Barua iandikwe kwa mkuu wa shirika, kwa maneno machache na bila matusi. Iulize: pesa za Hazina zilikuwa ngapi na za wafadhili ngapi; za mishahara ya watu wa vijijini ngapi na za posho za maofisa ngapi; taarifa ya mwisho iko wapi, nasi tupewe nakala; na wakaguzi walisema nini.

3. Zipelekwe nakala mbili. Moja ibaki ofisini, ya pili igongwe muhuri wa tarehe irudi kwa katibu wa tawi. Bila muhuri hakuna barua.

4. Katibu ahesabu siku 21. Siku ya 22 asingoje tena, aandike kwa Ombudsman.

5. Jibu likija lisomwe kwa sauti mkutanoni, zuri au baya. Hesabu ikionekana safi, tuseme ni safi, na tuwapongeze waliohusika. Mtu mwaminifu ana haki ya kusifiwa mbele ya watu kama mwizi alivyo na haki ya kuaibishwa.

Ndugu, mtu mzima akitoa damu kwa utafiti hupewa kwanza karatasi ya ridhaa atie sahihi. Tumezitia sahihi karatasi zao miaka mingi. Wengine tulitia kidole. Sasa tuna karatasi moja ya kwetu, nasi twaomba nayo igongwe muhuri.

UMOJA NI NGUVU.

Katibu wa Elimu